Mohamed Husen: Askari wa Dar es Salaam aliyefuata mshahara wake Berlin na kufia kambini

MIONGONI mwa wana wa Afrika Mashariki ambao mawimbi ya historia yaliwatupa mbali na makwao, ni wachache wenye kisa cha kuhuzunisha na kufunza kama cha Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam akiwa mtoto wa askari, akaingia vitani kabla ya kubaleghe, akahudumia abiria katika meli za Wajerumani, akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin na akaonekana katika filamu zisizopungua 20. Mnamo Novemba 24, 1944, alifariki dunia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa jiji la Berlin, akiwa na umri wa miaka 40.

Huku kwetu jina lake halitajwi sana, ilhali Ujerumani limeandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Wengi wanaomkumbuka humkumbuka kama mwigizaji. Hata hivyo, hakwenda Berlin kutafuta umaarufu wa sinema. Alikwenda kudai deni, yaani mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa. Deni hilo ndilo lililomfikisha huko, na hakulipwa hadi alipoingia kaburini.

MTOTO WA KAMBI

Husen alizaliwa Februari 22, 1904, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Baba yake alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la kikoloni na kupanda hadi cheo cha efendi, ambacho kilikuwa miongoni mwa vyeo vya juu ambavyo Mwafrika angeweza kupata katika jeshi hilo. Wasudani wa aina yake ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi la Wajerumani tangu lilipoanza kuiteka pwani ya Tanganyika.

Mtoto wa efendi hakukua kama watoto wengine wa mji. Alipelekwa shule, akajifunza kusoma na kuandika na akakijua Kijerumani mapema. Inaelezwa kwamba kufikia mwaka 1913, akiwa bado mtoto, alikuwa akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka, na baba na mwana wote wawili wakajiunga na jeshi. Husen alikuwa na umri wa miaka 10. Aliwekwa pamoja na vijana waliofundishwa kupeleka habari kwa ishara kutoka kikosi kimoja hadi kingine.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba vita hivyo vilikuwa vya kusini pekee. Mnamo Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kilivuka mpaka, kikaingia Karungu, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori, kisha kikasonga hadi Kisii. Ziwa Victoria nalo likageuka uwanja wa vita. Meli za Waingereza zilizozoea kubeba abiria na mizigo, zikiwemo Winifred na Kavirondo, zilifungwa mizinga na kutumwa kukabiliana na boti ya Wajerumani iliyoitwa Muansa. Wavuvi wa visiwa vya Rusinga, Mfangano na Takawiri, ambavyo leo viko katika Kaunti ya Homa Bay, walijikuta jirani wa ugomvi ambao hawakuuanzisha. Kila upande wa mpaka Waafrika walivalishwa sare au kutwikwa mizigo, wakaambiwa adui ni Mwafrika wa ng'ambo ya pili.

Kwa Husen, vita vilifika ukingoni mnamo Oktoba 1917 huko Mahiwa, kusini mwa Tanganyika. Mapigano hayo ya siku nne yalikuwa miongoni mwa makali zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na waliouana pale walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, wakiwemo wanajeshi waliosafirishwa kutoka Nigeria. Kijana huyo wa miaka 13 alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza na kuzuiliwa hadi vita vilipomalizika.

KUTOKA MELINI HADI BERLIN

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. Askari wa zamani wa Wajerumani walijikuta hawana mwajiri, hawana pensheni na bado wanadai mishahara ya miezi mingi. Husen alikuwa na ujuzi mmoja ambao soko liliuhitaji: alizungumza Kijerumani. Meli za Ujerumani ziliporejea katika njia ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, alipata kazi ya uhudumu katika meli hizo, zikiwemo za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie.

Maisha ya baharini yalimfundisha mambo ambayo yangemfaa baadaye. Mhudumu wa meli alipaswa kusimama wima, kutabasamu kwa wakati unaofaa, kuelewa lugha ya abiria na kujifanya hakusikia yasiyomhusu. Mwafrika aliyevaa koti jeupe akibeba sinia alikuwa sehemu ya mapambo ya safari. Abiria walilipia kiti na kitanda, na pamoja na hivyo wakapewa ndoto ya koloni ambalo nchi yao ilikuwa imelipoteza.

Mwaka 1929 Husen aliteremka Ujerumani na kwenda Berlin. Alifika mbele ya Wizara ya Mambo ya Nje, akawasilisha madai ya mshahara wake na wa baba yake. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba amechelewa. Muda wa kuwasilisha madai ya namna hiyo ulikuwa umepita, na mlango ukafungwa.

Angeweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Badala yake aliamua kubaki katika mji huo, akitafuta riziki kwa kazi ambayo tayari aliijua. Aliajiriwa kama mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katika uwanja wa Potsdamer Platz. Ndani ya jumba hilo kila ukumbi ulipambwa kwa sura ya nchi au jimbo tofauti. Ukumbi mmoja ulikuwa na mandhari ya mto Rhine, na katika saa maalumu wageni walioneshwa dhoruba ya kutengenezwa, yenye radi, umeme na mvua, wakiwa wameketi salama mezani. Katika jumba hilo la dunia ya bandia, mtu kutoka Dar es Salaam alilipwa ili naye aonekane kama kipande cha nchi ya mbali.

MWAFRIKA KATIKA SINEMA YA WAJERUMANI

Mwaka alioingia Berlin ndio ambao filamu bubu zilianza kuipisha sinema yenye sauti. Katika enzi ya filamu bubu Ujerumani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia fora duniani, na hadithi za safari za hatari, za bahari na nchi za mbali zilipendwa mno. Studio zilihitaji watu weusi wa kuigiza mabaharia, watumwa, walinzi na watumishi. Aliyevuma zaidi kati yao alikuwa Louis Brody, mzaliwa wa Kamerun, aliyeonekana katika filamu kadhaa bubu, ikiwemo Der müde Tod ya mwaka 1921 iliyoelekezwa na Fritz Lang. Katika filamu bubu uso na umbo vilitosha. Mwigizaji hakuulizwa anatoka wapi wala anasema lugha gani.

Husen alipoanza kuigiza mwaka 1934, sinema ilikuwa imepata sauti, na utawala ulikuwa umeshaingia mikononi mwa Manazi. Filamu yake ya kwanza kubwa, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, ilihusu vita vile vile alivyopigana akiwa mtoto. Mwelekezi wake alikuwa Herbert Selpin. Kuanzia hapo Husen alionekana katika filamu nyingi, mara nyingi kwa muda mfupi tu: mtumishi anayefungua mlango, baharia anayepita, mhudumu anayeweka glasi mezani. Mwaka 1937 alishiriki katika Zu neuen Ufern, filamu iliyompa umaarufu mkubwa mwimbaji Zarah Leander.

Swali la kwa nini Manazi, waliotangaza kwamba watu weusi ni duni, waliwahitaji katika sinema halina jibu gumu. Walitaka makoloni yarudi. Ili kuushawishi umma, walihitaji picha ya askari mwaminifu anayempenda bwana wake Mjerumani na kumngoja arejee. Husen aliifahamu picha hiyo vyema, maana ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alivaa sare ya askari na kuhudhuria mikutano ya wapenzi wa makoloni. Kwa muda alishiriki pia katika Deutsche Afrika-Schau, onyesho lililozunguka mijini likiwa na wasanii Waafrika, na ambalo hatimaye liliwekwa chini ya usimamizi wa serikali hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1940.

Mkono uliomtumia ndio uliomnyima. Aliomba nishani iliyotolewa kwa wapiganaji wa mstari wa mbele wa Vita vya Kwanza, akakataliwa. Mwaka 1935 alipoteza kazi yake katika Haus Vaterland. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa tena. Askari mwaminifu alitakiwa kwenye turubai la sinema, si katika orodha ya malipo ya serikali.

MWALIMU WA KISWAHILI

Kazi nyingine iliyomweka Husen mjini humo ilikuwa Kiswahili. Chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1887, kilikuwa na desturi ya kuwaajiri wasemaji wa Kiswahili kutoka pwani yetu ili kuwafundisha maofisa, wafanyabiashara na wamishonari waliokuwa wakienda koloni. Aliyewahi kushika kazi hiyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yangali yanasomwa na wanazuoni. Mtoro alimwoa Mjerumani mwaka 1904. Walipojaribu kurudi Dar es Salaam mwaka 1905, wakuu wa koloni walimzuia kushuka melini pamoja na mkewe. Ilimbidi arudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927, miaka miwili tu kabla ya Husen kufika.

Husen naye alifundisha chini ya wasomi waliopata sifa kwa ujuzi wa lugha za Kiafrika, akiwemo Profesa Diedrich Westermann, kwa ujira mdogo. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa watumishi wa serikali walioandaliwa kwa makoloni ambayo Hitler alitarajia kuyapata tena. Hivyo basi, mtu ambaye sheria za nchi zilimhesabu kuwa mgeni asiye na haki aliwafundisha watawala watarajiwa namna ya kutoa amri katika lugha ya mama yake.

Nyumbani mambo yake yalifuata njia ile ile ya Mtoro. Januari 27, 1933, Husen alimwoa Maria Schwandner, mwanamke wa Kijerumani. Siku tatu baadaye Adolf Hitler aliapishwa kuwa Kansela. Ndoa ambayo ilikuwa halali juma hilo isingewezekana miaka michache mbele, kwani sheria za Nuremberg za mwaka 1935, ambazo zililenga kwanza Wayahudi, zilitafsiriwa baadaye kuwa zinawahusu pia watu weusi. Watoto wao wawili, Ahmed na Annemarie, walifariki wakiwa wadogo. Mwana wa tatu, Bodo, ambaye Husen alimzaa na mwanamke mwingine na akalelewa katika nyumba hiyo, alifariki mwaka 1945.

FILAMU YA MWISHO

Filamu ya mwisho ya Husen ndiyo iliyompa nafasi kubwa zaidi. Ilitolewa mwaka 1941, ikaitwa Carl Peters, na mwelekezi alikuwa tena Selpin. Peters ni jina linalojulikana vyema Afrika Mashariki. Ndiye aliyewatilisha watawala wa bara la Tanganyika saini katika mikataba ya mwaka 1884, na ndiye aliyepita kando ya mto Tana mwaka 1889 akielekea Uganda. Ukatili wake ulimpatia jina la Mkono wa Damu. Aliwanyonga Waafrika wawili, Mabruk na Jagodja, alipokuwa akitawala eneo la Kilimanjaro, na mwaka 1897 Wajerumani wenyewe walimfukuza kazi. Manazi walimsafisha na kumfanya shujaa.

Katika filamu hiyo nyota Hans Albers aliigiza Peters, naye Husen akaigiza Ramasan, mwongozaji na mkalimani wake. Ni vigumu kupata mfano mkali zaidi wa mkanganyiko wa maisha yake. Mwana wa Dar es Salaam alisimama Ulaya, katikati ya vita, akimsaidia Mkono wa Damu kuiteka upya nchi aliyozaliwa, safari hii mbele ya kamera.

Katika kipindi hicho cha upigaji picha Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Habari zikafikishwa kwa wakuu. Mwaka huo huo wa 1941 alikuwa ameacha kufundisha chuoni, na mnamo Agosti alikamatwa na polisi wa siri, Gestapo, kwa tuhuma za kuichafua damu ya Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Mwezi uliofuata alipelekwa Sachsenhausen, na huko alikaa miaka mitatu hadi kifo chake. Filamu aliyoigiza mtumishi mwaminifu ilikuwa tayari imeanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema.

Hata mwelekezi wake hakunusurika. Mwaka 1942 Selpin alikuwa akitengeneza filamu ya baharini kuhusu kuzama kwa Titanic, ambayo nia yake ilikuwa kuwashutumu Waingereza. Sehemu ya picha zilichukuliwa ndani ya meli ya kifahari Cap Arcona. Selpin aliwasema vibaya maofisa wa jeshi la wanamaji, mwandishi mwenzake akamchongea, na Agosti 1, 1942, akakutwa amekufa ndani ya seli. Mnamo Mei 3, 1945, meli ile ile ya filamu, ikiwa imejazwa wafungwa wa kambi za mateso, ilishambuliwa kimakosa na ndege za Uingereza, na maelfu ya watu wakaangamia. Serikali iliyopenda kujipamba kwa filamu za bahari, meli na watumishi wanyenyekevu iliishia kuizamisha hadithi yake yenyewe.

DENI NA KUMBUKUMBU

Miaka 20 baada ya kifo cha Husen, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa wangali hai. Mwaka 1964 mtumishi wa benki alitumwa Mwanza, katika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, ziwa lile lile lililokuwa uwanja wa vita mwaka 1914. Wazee wapatao 350 walijitokeza, wengi wao bila hati yoyote. Husimuliwa kwamba aliyekosa ushahidi alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Simulizi hiyo huchekesha wengi. Hata hivyo, ina uchungu wake, kwa kuwa inaonyesha kwamba deni lile lilikuwa la kweli na mlipaji alikuwa na uwezo. Aliyekosekana katika foleni ni yule aliyelifuata hadi Berlin mapema, akaambiwa amechelewa.

Kuna watakaomlaumu Husen. Watauliza kwa nini aliwatumikia waliomkandamiza, kwa nini alivaa sare ya mkoloni kwa hiari na kwa nini alikubali kuigiza katika filamu ya kumtukuza Peters. Maswali hayo ni ya haki na hayafai kufutwa kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Lakini anayeuliza akumbuke pia kwamba mtu huyo aliingizwa jeshini akiwa na miaka 10. Kila alipoomba haki yake kama mtu mzima, iwe mshahara, nishani au nafasi ya kazi, alikataliwa. Kilichokubalika kwake ni igizo tu. Aliigiza ili aishi, na pengine alitumaini kwamba siku moja waliomtazama wangemlipa kama walivyomsifu.

Kumbukumbu yake ilianza kurejea mwaka 2007, pale mtafiti Mjerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alipochapisha kitabu kuhusu maisha yake. Mwaka huo huo kijiwe cha shaba chenye jina lake kiliwekwa njiani mbele ya nyumba nambari 193 katika barabara ya Brunnenstrasse, Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu Majubs Reise, iliyokusanya vipande vya filamu ambamo Husen anaonekana pembeni au nyuma ya nyota, na kumfanya yeye kuwa mhusika mkuu. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alitoa riwaya ya Afterlives mwaka 2020 yenye mhusika anayepita njia inayokaribiana sana na ya Husen, kutoka jeshini hadi Sachsenhausen.

Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina sanamu za askari na wapagazi waliopigania Waingereza. Waliotumikia upande wa pili hawana sanamu, na huenda hawaihitaji. Wanachostahili ni kuhesabiwa miongoni mwa watu wetu, kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Katika Ulaya alijulikana kama Mohamed Husen, na katika filamu mara nyingi hakuwa na jina kabisa. Dar es Salaam ilikuwa imempa lake kabla ya jeshi, meli na sinema: Mahjub bin Adam Mohamed.